Anayeandika kortini: niliyojifunza Kisii na Nyamira

Wiki jana mpwa wangu wa Kisauni, aliyemaliza kidato cha nne, alinitumia ujumbe. "Shikamoo mjomba. Nimeona video ya mwanamke wa Marekani amekaa mbele ya jaji, anabonyeza kimashine kidogo, hasemi neno. Wanasema anaandika kila linalosemwa na mshahara wake ni mzuri. Kazi hii huku kwetu inasomewa wapi?"

Nilimpigia simu, tukazungumza mpaka salio likaisha. Si yeye wa kwanza kuniuliza, na kwa kuwa mimi nilisomea kazi iliyo jirani na hiyo, nimeona niyaweke hapa ili na vijana wengine wafaidike. Sikuisomea Mombasa. Niliisomea Kisii, safari ya basi ya usiku kucha na sehemu ya mchana. Lakini thamani yake hasa sikuijulia chuoni. Niliijulia katika kesi ya marehemu baba yangu, na kesi hiyo nitaieleza.

Kazi yenyewe ni ipi

Mwanamke wa kwenye video anatumia mashine ya hatimkato. Haina herufi zote kama kompyuta. Ina vitufe 22 hivi na ufito wa tarakimu, na vitufe kadhaa hubonyezwa kwa pamoja, kama mpiga kinanda, ili mpigo mmoja utoe silabi nzima au hata neno zima. Kule Marekani watu huisomea kwenye vyuo vya jamii, vinavyolingana na vyuo vyetu vya kiufundi. Kozi huchukua miaka miwili au zaidi, na wengi hukwama kwenye kasi. Mtihani wa cheti cha chama chao cha kitaifa hutaka maneno 225 kwa dakika katika ushahidi wa maswali na majibu, na usahihi usiopungua asilimia 95.

Kenya hali ni nyingine. Ingia korti yoyote ya hakimu, iwe Nyamira, Keroka, Ogembo au Shanzu, utatafuta mashine hiyo usiione. Kifungu cha 197 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema ushahidi uandikwe na hakimu mwenyewe, au uandikwe mbele yake, akisikia na kusimamia, kisha autie sahihi. Kwa hiyo katika korti zetu nyingi mwandishi ni hakimu. Ndiyo maana utamsikia akimwambia shahidi, "Polepole, naandika." Anasikiliza, anamtazama shahidi machoni, anaamua pingamizi za mawakili, na mkono wake bado unaandika. Baadhi ya mahakama zina vinasa sauti, na mahakimu wengine wameacha kalamu wakahamia kompyuta. Hata hivyo lazima apatikane mtu wa kuyageuza yale maandishi au sauti yawe nakala safi ya mwenendo wa kesi, au prosidingi kama watu wa kortini wanavyoziita.

Kazi ambayo Marekani hufanywa na mtu mmoja, kwetu imegawanywa. Hakimu anaandika. Karani wa korti anaita faili, anawaapisha mashahidi na mara nyingi ndiye mkalimani. Mpiga chapa anazichapa prosidingi rufaa inapokatwa. Penye mabunge, kuna wanahansadi wanaonukuu mijadala. Na nje ya serikali wapo wanaonukuu rekodi za sauti za mabaraza ya usuluhishi, mikutano na tume za uchunguzi kwa malipo ya kila kazi.

Kisii, mwaka 2001

Ami yangu alikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii. Baba aliona heri niende nikakae naye nisome, kuliko kubaki barazani nikipiga soga. Nikajiandikisha katika chuo kimoja cha mjini humo, diploma ya ukatibu muhtasi. Darasani tulikuwa wavulana watatu, wengine wote wasichana. Asubuhi ya kwanza waliniamkia "Bwakire!" na mimi nikaduwaa kama kuku mgeni. Mji umekaa vilimani, migomba kila upande, na alasiri mvua hainyeshi bali humwagwa.

Somo lililotutoa jasho lilikuwa hatimkato ya Pitman, iliyobuniwa na Isaac Pitman wa Uingereza mwaka 1837. Sauti huandikwa kwa vistari. Kistari chembamba ni P, kikikolezwa ni B. Chembamba kilichosimama ni T, kikikolezwa ni D. Irabu ni vinukta na vistari vidogo vya pembeni, na anayeandika kwa kasi huziacha. Mtihani wa Baraza la Mitihani la Kenya ulikwenda kwa hatua tatu. Hatua ya pili ilikuwa maneno 80 kwa dakika, na ya tatu ilianzia 100 kwenda juu.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Nyamira, mkali lakini mwenye huruma. Alikuwa akisoma imla huku ameshika saa, na sisi tukijitapa kwa kumaliza. Yeye hakuwa na habari na kumaliza. "Kuandika haraka si kitu," alizoea kusema. "Nisomee ulichoandika." Hapo ndipo watu walipoinamisha vichwa. Mtu ameandika maneno 80 kwa dakika, lakini akiambiwa ayasome anababaika, hajui kama aliandika hiki au kile.

Alitushauri twende kortini tukajizoeze. Mahakama ziko wazi kwa umma, alisema, na pale watu hawasomi imla, wanazungumza. Nikawa naenda Kisii mjini, na siku nyingine napanda matatu hadi Nyamira, nakaa benchi la nyuma na daftari langu. Siku moja mvua ilipiga mabati hata shahidi hakusikika, hakimu akaweka kalamu chini na korti nzima ikangoja. Ndipo nilipotambua kwamba hakimu asiposikia, hakuna kesi.

Neno moja, vinywa vitatu

Nilichokiona pale sikukitarajia. Mzee anatoa ushahidi kwa Ekegusii. Karani anautia kwenye Kiswahili. Hakimu, ambaye mara nyingine hakuwa mtu wa huko, anausikia kwa Kiswahili na kuuandika kwa Kiingereza. Mwaka mmoja baadaye, jaji wa rufaa atasoma hicho Kiingereza peke yake, na mzee hatakuwepo.

Sheria inaruhusu zaidi ya hapo. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, lakini lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Maana yake hakimu angeweza kuandika kwa Kiswahili, lugha iliyosemwa pale. Nami kijana wa Pwani, katika korti ya milimani, nikaona lugha ya mama yangu inatumika kama daraja: kila mtu anavuka juu yake, wala hakuna anayeliandika jina lake.

Nikajaribu kuandika Kiswahili kwa hatimkato ya Pitman, nikagonga ukuta. Kiingereza kinavumilia kuachwa irabu, maana neno hutambulika kwa konsonanti zake. Kiswahili hakivumilii. Andika K na T, kisha uniambie ni "kata", "kati" au "kato". Mahali mchoro unapokaa kwenye mstari patakusaidia kidogo kwa irabu ya kwanza, lakini ya mwisho imekupotea.

Vitenzi ndivyo hatari zaidi. "Aliuza shamba" na "aliuziwa shamba" vinatofautiana kwa silabi moja, na katika silabi hiyo mwenye shamba anageuka kuwa mtu mwingine. "Alimpiga", "alinipiga", "alipigwa": nani mshtakiwa, nani mlalamishi? Mwandishi wa Kiingereza anaweza kusinzia kwenye irabu, akaamka na asidhuru mtu. Mwandishi wa Kiswahili akisinzia amemtia mtu jela.

Halafu kuna yasiyotamkika. Wakisii wana adabu wanayoiita chinsoni, mipaka ya haya na heshima baina ya wazazi na watoto na jamaa, na mambo ya mwilini hayatajwi ovyo. Sisi Waswahili hatuko mbali nao. Sasa fikiria mtoto aliyedhulumiwa anasimama mbele ya watu wazima anaambiwa aeleze. Kesi za namna hiyo husikizwa faraghani, sikupata kuiona hata moja, lakini mwalimu wetu alitueleza: mtoto atasema "alinifanyia tabia mbaya", hatasema zaidi. Mwandishi afanye nini? Akiandika tafsiri yake mwenyewe, amemlisha mtoto maneno. Akiandika "tabia mbaya" peke yake kwa Kiingereza, msomaji atadhani mtoto alitukanwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa ilieleza kwamba mahakama za nchi hii zimekubali maneno ya staha kama hayo kutoka kwa watoto, kwa kuwa ndivyo watoto wenye haya wanavyosema. Lakini ili majaji wafike hapo, lazima kwanza neno la mtoto liwe limeandikwa kama lilivyotoka kinywani mwake.

Kesi ya baba

Nilirudi Pwani na diploma yangu, nikafanya kazi za ofisi, nikaanza kuandika magazetini. Baba alikuwa na kesi ya shamba la minazi katika mahakama moja ya Pwani, sitaitaja. Babu alikuwa amemkaribisha mtu, akampa mahali ajenge kibanda, kama ilivyokuwa desturi yetu: ardhi yangu, nyumba yako, minazi yangu. Miaka ikapita, wazee wakafa, watoto wa yule mgeni wakadai shamba.

Shahidi wetu mkuu alikuwa mzee jirani. Nilikuwapo siku ile. Alisema, "Marehemu alimpa akae." Neno "akae" ndilo lililokuwa kesi yote. Baba alishindwa, akakata rufaa, tukaomba prosidingi. Tukaja leo, tukaja kesho. Faili haionekani, mchapaji yuko likizo, mwandiko wa hakimu aliyehamishwa hausomeki. Baba alifariki mwaka 2011, kabla nakala hazijachapwa.

Zilipotoka nilizisoma usiku. Ushahidi wa yule mzee ulikuwa mistari minne ya Kiingereza. Ulisema marehemu alimpa mahali pale. Basi. "Akae" haikuwemo. Simshutumu hakimu kwa nia mbaya. Aliandika kwa mkono, kwa lugha nyingine, na nyuma ya faili letu palikuwa na mafaili mengine mengi. Lakini jaji wa rufaa husoma kilichoandikwa, hana kingine cha kusoma. Tukashindwa mara ya pili. Na mimi niliyekuwa nimekaa benchi la nyuma nikisikia, mwenye cheti cha hatimkato, siku ile sikuwa na hata penseli.

Haki zako juu ya maandishi hayo

Kwa hiyo hata usiyetaka kazi hii, yajue haya. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo asipoelewa lugha ya korti. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa ada inayofaa.

Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, mpya anaweza kuendelea na ushahidi ulioandikwa na mwenzake. Hapo mshtakiwa ana haki, chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ya kudai mashahidi waitwe upya, na hakimu anatakiwa kumjulisha haki hiyo. Wengi wetu husema "tuendelee" kwa kuchoka. Ujue unapokubali, unamkabidhi hakimu mpya karatasi badala ya watu.

Katika kesi ya madai inayotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, ilani ya rufaa huwekwa ndani ya siku 14 za uamuzi, na rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 baada ya ilani. Siku ambazo mahakama inaandaa prosidingi hazihesabiwi dhidi yako, ukipata cheti cha msajili, lakini kwa sharti: uwe umeziomba kwa barua ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo umempa mpinzani wako. Rufaa nyingi hufia kwenye barua hiyo. Muulize wakili wako ameiandika lini na amempelekea nani.

Atakaye kuisomea

Nilimwambia mpwa wangu hivi. Usitafute chuo kinachotangaza kozi ya "mwandishi wa mahakama". Tafuta stadi zinazoijenga kazi hiyo, kisha uziunganishe mwenyewe.

Ya kwanza ni lugha. Kiswahili na Kiingereza vyote viwili, na kama una Kigiriama, Kipokomo au Kisomali, usikionee haya. Kortini lugha ya nyanya yako ni mtaji.

Ya pili ni chuo. Nenda idara ya biashara ya chuo cha kiufundi kilicho karibu nawe. Watu wa Kisii wana Kisii National Polytechnic, wa Nyamira wana Ekerubo Gietai, na wewe una Kenya Coast National Polytechnic hapo hapo Kisauni. Diploma huhitaji angalau C- katika mtihani wa kidato cha nne. Aliye chini ya hapo huanza na cheti kisha akapanda. Kabla ya kulipa karo uliza maswali matatu: mnafundisha hatimkato au kunukuu rekodi za sauti? Mnapima kasi na usahihi? Mnafanya hayo kwa Kiswahili? Swali la tatu litawanyamazisha wengi. Uliza tu.

Ya tatu ni sheria kidogo. Kenya School of Law ina diploma ya wasaidizi wa kisheria, na maarifa yake humfaa anayetaka ukarani wa korti. Asiyejua tofauti ya kiapo na kauli isiyo ya kiapo hawezi kuinukuu vizuri.

Ya nne ni kujua nani anaajiri. Wafanyakazi wa mahakama huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Bunge la Kitaifa na Seneti zina Hansadi yao, na tangu 2013 kila kaunti kati ya 47 ina bunge lake, Kisii na Nyamira zikiwemo, Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Taita-Taveta na Tana River pia. Mabunge hayo yote yanahitaji watu wa kunukuu mijadala, na wajumbe wake huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja.

Ya tano ni mazoezi, na haya hayana karo. Sikiliza kikao cha bunge kinachotangazwa moja kwa moja, nukuu dakika tano, kisha ngoja Hansadi itoke ulinganishe. Nenda kortini ukae kimya benchi la nyuma. Zima simu, usirekodi bila ruhusa, chukua daftari.

Mpwa wangu akauliza, "Na hizi kompyuta zinazosikiliza na kuandika zenyewe, mjomba, si zitatumalizia kazi?" Swali la haki. Mahakama ya Tanzania tayari imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri. Lakini mashine iliyosikia "aliuza" mahali paliposemwa "aliuziwa" inahitaji mtu mwenye sikio wa kuirekebisha, na mtu huyo lazima awe amefunzwa.

Kuwafunza kunawezekana. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za ukatibu muhtasi serikalini Tanzania yamedai mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Mwaka 2021 wakabadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zao. Sisi tunaojiita wenye lugha, mimi nilifundishwa hatimkato ya Kiingereza peke yake, na sijasikia chuo chetu cha Pwani kikidai nyingine. Hili si jambo la kungoja Nairobi. Bodi ya chuo kimoja na walimu wawili wa Kiswahili wakiamua, wanaweza kuanza kwa kozi fupi.

Na sisi Waislamu hatuna udhuru. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya deni katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana, na inamwagiza mwandishi aandike kwa uadilifu baina ya watu wawili. Haikusema aandike haraka.

Jana mpwa wangu alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Alikuwa amesikiliza kikao cha bunge akanukuu dakika tatu. Mwandiko umejaa mifuto, sentensi mbili zimekatika. Nikampigia. Sikumwambia kama amefanya vizuri au vibaya. Nikamwambia, "Haya mwanangu, nisomee ulichoandika."